Ushauri Niliompa Bi wa Amu

Kutoka Kitale hadi Amu, kisiwani Lamu, nilisafiri siku tatu: basi hadi Nairobi, jingine hadi Mombasa, jingine hadi Mokowe, kisha boti. Nilikuwa nimepata kazi ya kupaka rangi nyumba ya wageni, Shela. Njiani niliandika sura moja kwenye simu. Kundi letu la mtandaoni lilikuwa likiendeleza tamthilia ya runinga iliyokatizwa kabla ya harusi. Kila mtu alitunga mwisho wake.

Nilipofika Mokowe nikakuta maoni ya bibi mmoja aliyejificha nyuma ya jina la ua. "Kaka, hizi nyumba unazoziandika hazina kuta. Au hujapata kuwa na kwenu?"

Kundi zima lilicheka. Mimi niliondoka kwetu nikiwa na miaka kumi na tisa. Sikucheka.

Alishasema kundini kwamba ni wa Amu, na kwamba wakwe zake hawajui anaandika mapenzi. Nikaanza kumsahihisha, kwa adabu. Nilimwambia niko Shela napaka rangi, nikayasifu mazungumzo yake, kisha nikataja kasoro: bi harusi wake angeweza kuwa anaishi popote.

"Andika unachokiona ukiinua macho, Bi. Vitu vyenyewe."

Ushauri ulikuwa mzuri. Ndiyo maana niliuchagua.

Sura iliyofuata ilikuwa na vidaka, vile vishubaka vya chokaa ukutani, sahani ya buluu iliyoungwa kwa waya, na mama mkwe anayenusa sufuria kabla ya kupakua. Sijasoma sura bora kuliko ile katika kundi lile.

Baada ya siku chache mpishi wa nyumba ya wageni alikuja na sura ile kwenye simu yake, akicheka mpaka akaketi.

"Bwana, umeisoma hii? Nyumba yenyewe naijua, nimepika harusi humo. Na yule mama ananusa kweli."

"Wameitambua wengi?"

"Amu hii? Labda paka ndio bado."

Jioni Bi aliniandikia faraghani. Mavyaa, yule mama mkwe wake, alikuwa amesomewa sura nzima, naye anamshuku. Aliniomba niseme kundini kwamba jina lile la ua ni langu, mimi mpaka rangi, niliyeiona nyumba ile nikiwa kazini. "Wewe ni mgeni, utaondoka. Mimi nakaa hapa."

Nikamjibu: "Bi, sijawahi kuingia nyumba hiyo. Nitasemaje uongo?"

Kazi ilikuwa imekwisha. Asubuhi nilivuka kwenda Mokowe. Nikiwa ndani ya basi akatuma neno moja: "Tafadhali." Nililisoma, nikazima simu, maana safari ilikuwa ndefu na chaji ilikuwa kidogo. Sijarudi Amu tena.