Manjanja Chini ya Kitanda

Nyumba ya mama jirani iliungua mchana, siku ya soko, mbele ya macho ya mtaa wetu wote hapa Butembo, mashariki ya Kongo. Alikuwa amenunua mafuta ya taa ya chupa, hakujua muuzaji ameyachanganya na essence, petroli ya magari. Akanyunyiza kidogo juu ya makaa yaliyokataa kushika, kama mama yangu anavyofanya kila siku, na moto ukapanda mpaka ndani ya chupa. Watoto wake watatu walitoka wazima. Godoro, masufuria na nguo za misa havikutoka. Manjanja ya paa, yaani mabati, yalijikunja kama majani ya tumbaku.

Wiki ile ile, ya mwisho kabla ya likizo ya Pasaka, mwalimu wa commerce alikuwa anatufundisha assurance, yaani bima. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza ni kampuni gani itakayomlipa mama jirani. Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, halafu akaniambia nikae chini kabla hajanitoa nje. Alijua kama sisi kwamba hapa kampuni ni shirika, zile familia za Kikatoliki za barabara moja zinazosali pamoja siku ya Jumatano. Nyumba ikiungua, shirika linakuja na kile linachoweza.

Mume wa mama jirani hakuwa na habari. Alikwenda Kanyabayonga kuuza sabuni, vita ikafunga njia nyuma yake. Mama na watoto wakapewa chumba kimoja pale shule ya msingi, walale chini ya ubao wenye hesabu za mwaka wa pili. Likizo ya Pasaka ilikuwa inaisha Jumatatu. Jumatatu wanafunzi wangerudi, na wao lazima wawe wametoka. Kwa hiyo kila mtu alijua: paa lifunikwe kabla ya Jumatatu, katikati ya mvua za mwezi wa nne.

Sasa niseme habari ya baba yangu. Baba ni mfanyabiashara wa misumari, makufuli na manjanja. Mwaka mmoja kabla ya moto, askari wa serikali ya wakati ule (kwetu serikali zilikuwa zinabadilika mara nyingi kuliko soksi zangu) walipora duka lake mpaka mizani. Mji mzima uliona, mji mzima ukamhurumia. Kitu ambacho mji haukuona ni kwamba baba alianza tena polepole, akapitisha mzigo mpya mpakani Kasindi, na mzigo ule akaupanga ndani ya chumba changu. Juu yake akatandika mkeka, juu ya mkeka godoro, juu ya godoro mimi. Manjanja mapya, yenye kung'aa, ya kufunika nyumba mbili na choo. Nikigeuka usingizini yalikuwa yanalia kwaa! Baba alikuwa anagonga ukuta: “Geuka polepole, wewe!”

Kiongozi wa shirika alipopita kuomba mchango, baba alimsikiliza vizuri, akaenda nyuma ya nyumba, akang'oa bati la banda la mbuzi. Bati lenye kutu na matundu matano ya kuingiza kidole.

“Papa, hilo?” nikamuuliza kiongozi alipokuwa ameondoka.

“Hilo. Nikitoa kumi mapya, watapiga makofi Jumamosi. Na Jumapili askari watakuja kuuliza mengine yako wapi. Wakikuta mtu analala juu yake, watamfanya nini huyo mtu? Ukiulizwa, sema askari walimaliza yote.”

Kwa kweli hakuwa amekosea. Jirani mmoja alinunua pikipiki mpya, wakamtembelea kabla hata hajajua kuipanda.

Basi Jumamosi nikabeba bati la mbuzi kichwani, likiimba njia nzima. Kwenye kiwanja watu walikuwa wengi. Dereva mmoja Mwislamu wa Beni, ambaye hata si wa shirika letu, alikuwa ameshusha mbao kutoka Mabalako na kukataa kulipwa usafiri. Kwetu mchango unaletwa mkononi, kiongozi anapaza sauti kusema umetoka kwa nani, watu wanapiga makofi. Akanipokea.

“Hii inatoka kwa nani?”

“Kwa baba yangu.”

“Baba yako mwenye duka?”

Niliona shingo zinageuka. Nikafanya ninachojua kufanya.

“Ndiyo, papa. Iko na madirisha tayari. Hamutalipa fundi.”

Kiwanja kizima kikacheka. Mama jirani alicheka mpaka akashika tumbo, halafu yeye ndiye aliyeanza makofi. “Wasingya,” akasema, asante ya Kinande. “Ametoa chenye iko nacho.”

Mpaka saa tisa mafundi walikuwa wamefunika sebule na chumba cha mama. Juu ya chumba cha watoto palibaki mbao tupu na wingu moja jeusi. Bati la mbuzi walilipeleka jikoni. Dereva wa Beni akaangalia juu, akauliza, “Sasa batoto batalala na ndege?” Safari hii hakuna aliyecheka. Mtu akasema kuna shitingi, ile plastiki ya wakimbizi, tuifunge kwa kamba.

Mama jirani akaniita pembeni, karibu na mchanga.

“Mutoto yangu, uniambie kweli. Baba yako hana hata tatu? Hapana bure. Bwana yangu akirudi, atamutumikia.”

Alinitazama machoni. Nilikuwa na mgongo wenye alama za mistari ya manjanja. Nikasema:

“Mama, askari walimaliza duka yote. Waliniacha mimi tu, sababu sina bei.”

Akacheka kidogo. Kisha kicheko kikamtoka usoni polepole, akaniwekea mkono begani.

“Kumbe bado muko mu mateso hivyo? Na minerval, feza yako ya masomo, baba yako anaitoaka wapi?”

Nikapandisha mabega. Afadhali ningenyamaza kabisa, mabega na yote. Mama jirani aliingia ndani, akatoka na besani iliyojaa maharagi.

“Ndugu zetu ba Musienene balituletea. Peleka kwa mama yako. Umuambie asisikie haya.”

“Hapana, mama! Ni nyinyi muliungua.”

“Unanikataza kutoa, wewe? Beba.”

Nikabeba. Besani haikuimba kama bati, ilikuwa nzito tu.

Nyumbani mama aliangalia maharagi, akaniangalia mimi. Nilipomwambia, alikaa kwenye kiti cha jikoni. Baba akatoka chumbani.

“Ulimwambia nini?”

“Chenye ulisema niseme.”

“Rudisha.”

“Akirudisha atasema nini?” mama akamuuliza. “Kwamba tumeshiba? Na tumeshiba na nini?”

“Papa, matatu tu,” nikasema. “Nitasema nimeyaokota.”

“Umeokota manjanja mapya, hapa, Butembo?” Akakaa. Alikuwa anaangalia mikono yake. “Shitingi itatosha,” akasema, na sikujua anamwambia nani. “Pikeni.”

Tukala na mawese na kitunguu. Baba aliacha nusu. Mama alisema kichwa kinamuuma. Mimi nilimaliza sahani yangu na ile nusu ya baba, kwa sababu yalikuwa matamu, na hilo hakuna aliyenilazimisha.

Mvua ilinyesha Jumapili. Jumatatu, kabla ya shule, mama alinituma kurudisha besani. Kwetu chombo hakirudi kitupu, na alihangaika sana: akitia kingi watajiuliza, akitia kidogo ni matusi. Mwisho akaweka ndizi nne. Nilimkuta mama jirani anakamua blanketi ya watoto. Shitingi ilikuwa imejaa maji katikati, imening'inia juu ya kitanda kama tumbo la ng'ombe.

“Mulikula?”

“Tulikula, mama.”

“Mulishiba?”

Kila mtu shuleni anajua kwamba sikosi neno. Nilitafuta, halikuja.

“Aa, masikini,” akasema. Akanipokea besani, akaingia nayo ndani, nikasikia maharagi yanamiminwa tena.