Niliitoa Siri ya Mwanafunzi Wangu Kwenye Maombi

Ficheni jina langu. Mimi ni bibi wa miaka tisini, mzaliwa wa Mbeya, ninayeishi Mwanza kwa zaidi ya nusu karne. Miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu mlezi katika bweni la wasichana karibu na Iringa. Waliniletea yale wasiyoweza kuwaambia mama zao, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyatunza.

Yustina (si jina lake), wa darasa la nane, alitoka Nyololo. Baba yake alikuwa amekubaliana na mwanamume wa makamo amwoe. Yustina mwenyewe alitaka afanye mtihani, kisha aende chuo cha ualimu. "Mwalimu, nipe miezi miwili tu ya kunyamaza," aliniambia. Nikamwahidi.

Jumamosi, kwenye maombi ya akina mama wa usharika, kila mmoja alitoa hitaji lake. Nikasema, "Tumwombee binti mmoja wa Nyololo anayekimbia ndoa." Sikutaja jina, nikajiona mwangalifu. Bweni zima halikuwa na msichana mwingine wa Nyololo.

Jumatano baba yake alifika kwa baiskeli. "Kamwene, Mwalimu," alinisalimu kwa lugha ya kwao, kwa upole ulionitia baridi. "Kumbe hapa mnafundisha na kutoroka?"

Yustina alifunga sanduku lake. Mlangoni akamgeukia Melania, rafiki yake, mwingine pekee aliyeijua siri, ambaye wiki ile alipita Nyololo akienda msibani. "Ulikwenda kulia, au kusema?"

Melania aliapa, akalia. Mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwao, nimeshika orodha ya bweni. Nilinyamaza. Miezi miwili ya Yustina ilinishinda. Kwa ajili yangu mwenyewe nimenyamaza maisha mazima.

Mwezi uliopita Yustina alinipata kupitia mjukuu wake. Hunipigia kila Jumapili. "Mwalimu, ni wewe peke yako hukunisaliti." Juzi akaniambia Melania yu hoi kitandani, Ipogolo, na ametuma watu mara mbili kumwomba aende waagane. "Nimekataa. Afe na mdomo wake."

Hawajasalimiana tangu siku ile. Nikisema, nitamnyang'anya Yustina mtu pekee aliyemwamini tangu usichana wake. Nisiposema, Melania atazikwa na kosa langu.

Nishaurini, nifanye nini? Nijibuni kabla ya Jumapili. Nikishaisikia ile sauti ikiniita Mwalimu, najijua, nitanyamaza tena.