Seva Iliyopimwa kwa Wastani

Mpaka leo nikisikia mtu akitaja neno wastani, damu hunichemka.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, niliendesha tovuti ya mtaa wetu wa Bondeni kutoka chumba kimoja juu ya duka la leso, Biashara Street. Tuliweka humo habari za harusi, misiba, na zaidi ya yote, mwezi. Watu wetu walioko ng'ambo waliifungua kujua kama mwezi umeandama Mombasa. Kakangu alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi kiwandani huko Kanada, katika mji usio na msikiti, na hakuwa na simu. Yeye ndiye aliyekuwa akitupigia, kutoka kibanda cha simu cha barabarani. Ukurasa wetu aliusoma maktaba kabla ya kuingia zamu. Mwaka ule msimamizi wake alimwahidi ruhusa ya Idi, asafiri hadi mji wenye msikiti, kwa sharti moja tu: aitaje siku yenyewe kabla zamu ya siku iliyotangulia haijaisha. Ilikuwa miaka sita hajasali Idi na watu.

Tovuti ilikuwa imepanga kwenye seva moja na wengine chungu nzima tusiowajua. Jirani mmoja akipata wageni wengi, sisi tunazimika. Nilichoka kuomba radhi kwa makosa ya watu. Kamati ya mtaa ikakubali tuhamie seva yetu wenyewe, likabaki swali la memori, yaani nafasi ambamo mashine huwashikilia wageni wote walio ndani kwa wakati mmoja. Mimi niliomba megabaiti mia mbili hamsini na sita.

Mwenyekiti alikuwa mjomba wangu, mpishi wa pilau za harusi asiye na mfano kisiwani. Alichukua hesabu yangu ya wageni wa mwezi mzima, akaigawanya kwa siku thelathini.

"Wastani ni watu mia kwa siku," alisema mbele ya kamati. "Sitini na nne yatosha. Hayo mangine ni israfu, mwanangu."

Huyu ndiye mtu ambaye, kabla ya kuinjika sufuria, huuliza watu wangapi watakaa kwenye masinia kwa mkupuo mmoja! Hajapika harusi kwa wastani maishani mwake. Jawabu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Lakini mjomba hajibiwi mbele ya watu, nami nimelelewa. "Sawa, mjomba," nikasema. Nusu ya hasira yangu ni kwake. Nusu ya pili ni kwa hiyo "sawa" yangu.

Magharibi ya ishirini na tisa ya Ramadhani, mwezi ukaandama. Nikaweka tangazo, na watu wakaja wote kwa pamoja. Memori ikajaa papo hapo. Mashine ikaanza kutumia diski badala yake, nayo diski ni ya polepole mno, ikawa inasaga tu wala haimfungulii mtu ukurasa. Nilizima, nikawasha, ikajaa tena. Nilisimama katika ofisi ya watu wa intaneti, walikotuwekea seva yetu, nikiipiga makofi kama televisheni mbovu.

Kesho yake mchana ukoo wote ulikuwa kwa mama. Simu ikalia. Huko kwao kulikuwa hakujapambazuka. Mama alisikiliza, kisha akaziba simu kwa kiganja.

"Yuwala daku," alituambia. "Auliza kama mwezi umeonekana. Ukurasa haufunguki tangu jana. Ruhusa hakuiomba, leo aingia kazini."

Akamwambia asifunge, ni Idi.

Mjomba alikuwa akipakua pilau. Alijaza sinia la ziada ambalo hakuna aliyeliomba.

"Huenda wakaja wageni," alisema. "Bora ibaki kuliko ipungue."

"Na leo, mjomba," nikamwambia mbele ya ukoo mzima, "mbona hukupika kwa wastani?"

Mwiko ulibaki mkononi mwake. Mama alikuwa bado ameshika simu, ingawa kakangu alikuwa ameshakata.