Madaftari ya Chumba cha Nyuma

Madaftari kumi na moja ya jirani yetu yalichukuliwa na gari la taka Jumanne moja asubuhi, yakiwa yamelowa maji ya kabichi. Hapakuwa na nakala nyingine.

Yalinirudia Jumapili iliyopita, rafiki yangu, nilipokwenda Bellevue, mtaa wetu wa zamani Joburg, kumwona mama. Nyumba ni ileile, imekatwakatwa vyumba kwa mbao, na choo cha pamoja bado kinakulazimisha kupumulia mdomo. Mlangoni alisimama mwanamke mgeni, akiulizia habari za marehemu baba yake kwa Kiingereza. Mama akaniita nitafsiri, kama zamani.

Baba yake ndiye aliyekaa chumba cha nyuma. Wazazi wake Wakorea, yeye kazaliwa Uzbekistan, na vitabu vyake aliviandika kwa Kirusi. Kampuni ya madini ilimleta Joburg kuwa mkalimani. Kazi ikaisha, akabaki, akitafsiri kwa Kirusi, kwenye madaftari yale, hadithi alizosimuliwa na mama yake kwa Kikorea. Mama alimwita Babu; sisi watoto tulimwita Mchina. "Mchina yuko dukani anauza simu," alitujibu. "Nendeni mkamsalimie."

Chini ya meza, kando ya madaftari, aliweka ndoo ya kabichi iliyochacha kwa chumvi, pilipili na vitunguu saumu. Ilitoa povu, ikavuja. Harufu iliingia kwenye mandazi ya mama na kwenye sare yangu. Darasani wenzangu waliziba pua nikipita. Nilikuwa nikitema mate kila nilipopita mlangoni kwake.

Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo barua za nyumba niliziandika mimi. "Mwandikie msimamizi wa nyumba," akasema. "Babu ni mtu mwema, ila tunaomba ndoo ikae uani. Basi. Usimvunjie heshima, mwanangu."

Nikaandika kwamba chumba kina uozo na funza, na kila kilicho chini ya meza kitupwe. Mama akatia sahihi. Nilitabasamu kwa jinsi Kiingereza changu kilivyonyooka. Tabasamu lile nikilikumbuka leo, nasikia kinyaa.

Msimamizi alikuja Babu akiwa sokoni. Aliporudi hakukuta ndoo wala madaftari. Alipiga magoti, akapapasa sakafu tupu, kisha akamwuliza mama, nikitafsiri mimi, "Mama, na karatasi pia zilinuka?"

Alirudi kwao mwezi uleule. Binti yake anasema hakuandika tena hata mstari mmoja. Zile hadithi za bibi yake hakuna anayezijua sasa.

"Nani alitaka madaftari yatupwe?" akauliza.

"Mwambie ni msimamizi," mama akasema. "Eish, yule alikuwa mnyama."

Nikatafsiri neno kwa neno. Mgeni akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa, yenye mwandiko wa mtoto na sahihi ya mama. Baba yake alipewa na msimamizi, akaihifadhi mpaka kufa. Mgeni akaniomba nimsomee mama kwa Kiswahili, ajue alichotia sahihi.

Nilimwambia nimesahau miwani, arudi Jumamosi. Leo ni Ijumaa.