Kikao cha Kufumba Macho

Mpiga pasi wa kiwanda cha mashati alikuwa mwanamke wa hasira, na sioni sababu ya kumwombea radhi. Miaka kumi na moja alisimama mbele ya pasi ya mvuke, hatua tatu kutoka mlango wa nyuma, na miaka yote hiyo mlango ule ulikuwa na kufuli, eti wafanyakazi wataiba mashati. Madirisha hayakuwepo. Alilalamika mpaka sauti ikamkauka. Jibu la msimamizi lilikuwa moja tu: "Tulia, mama."

Baada ya msimamizi, mtu aliyemchukia zaidi alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mshona kola aliyekaa nyuma yake. Hawakusemezana tangu msiba wa mama mkwe, kwa sababu ya neno moja lililosemwa jikoni. Asubuhi walikuja kazini kwa njia moja, kila mmoja na upande wake wa barabara.

Ndipo tajiri mwenye kiwanda akaleta mwalimu wa utulivu, bwana nadhifu mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Bango likabandikwa ukutani: KIKAO CHA UTULIVU, KILA SIKU SAA NNE, WOTE WAHUDHURIE. Cherehani zikazimwa, watu wakaketi sakafuni.

"Fumbeni macho, mfungue mioyo," akasema mwalimu.

"Mngefungua mlango kwanza," akajibu mpiga pasi, na watu wakachekea puani.

Alikaa kwa chuki tupu. Badala ya kusikiliza pumzi zake, alipanga matusi. Wiki ya pili yakamwishia, maana hata matusi huisha, na katika kimya kile akasikia kitu mgongoni kwake. Kilikuwa kifua cha wifi yake, kikipiga filimbi kila alipovuta hewa. Miaka yote kelele za cherehani zilikuwa zimekificha. Akasikia pia kikohozi cha meza ya vifungo, na kingine, na kingine. Akamwonea wifi yake huruma, na huruma ile ikamuudhi sana.

Walipoinuka akamfuata. "Hicho kifua tangu lini?"

"Na wewe unanijali tangu lini?"

"Nani kakujali? Nimeuliza."

Wifi akamkata jicho. "Mwaka wa tatu. Humu kuna hewa?"

Kesho yake kengele ya kurudi kazini ikalia. Mpiga pasi hakuinuka. Wifi naye akabaki chini, kisha meza ya vifungo, kisha ukumbi mzima. Msimamizi akaja mbio.

"Amkeni! Kazi!"

"Tupo kwenye kikao," akasema mpiga pasi, macho kayafumba. "Tutaamka mlango ukifunguliwa."

"Vikao vya wafanyakazi ni marufuku hapa!"

"Soma bango lako. Wote wahudhurie. Miaka yote unaniambia nitulie, basi leo nimetulia."

Msimamizi alitukana, akatishia, akamtuma mwalimu awabembeleze. Hakuna aliyemjibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na msimamizi aliusikia mshindo huo saa saba, lori lilipokuja kuchukua mashati likakuta hayajapigwa pasi. Tajiri akapiga simu mwenyewe, akaamuru mlango ufunguliwe. Kufuli lilikuwa limeliwa na kutu hata ufunguo haukuingia, ikabidi likatwe kwa msumeno. Upepo ukaingia, vipande vya nyuzi vikaruka ukumbi mzima.

Mlango haukufungwa tena. Lakini jioni ile ile mpiga pasi akapewa barua ya kufukuzwa, kwa kosa la kuvuruga utulivu.

Akaenda kuitupa mezani kwa wifi yake. "Soma. Ufurahi."

Wifi akaisoma mpaka mwisho. Hakusema pole.

"Usidhani nimekusamehe," akasema. Kisha akazima cherehani, akaketi sakafuni, akafumba macho.