Radhi za Mzee Nabhan Vilabuni

"Nimeshakwambia, mzee, radhi ya jumla hapa haipo!" Conchesta aliipiga kaunta kwa kitambaa cha kufutia meza. "Hapa tunatoa moja moja, kama chupa. Taja ulilolifanya, ndipo nikujibu."

"Nimesema kwa ninalolijua na nisilolijua, Bi Conchesta. Yote yamo humo."

"Usilolijua muachie Mungu. Mimi nataka unalolijua."

Mzee Nabhan alikuwa kasimama katikati ya kilabu na kanzu yake nyeupe ya pasi, kofia ya viua kichwani, kama mnara wa msikiti umeota miguu ukaja kunywa. Wanywaji watano wamemkodolea macho. Mmoja wao, Jaribu, mchuuzi wa samaki wa Wawi, alipomwona tu aliichomeka chupa ndani ya mkono wa shati, na sasa bia inamtiririka kwapani mpaka kiunoni, naye kakaza uso kama bwana harusi. Ilikuwa saa nane mchana, jua linapasua bati.

Alhamisi Mzee Nabhan anavuka na kikundi cha mahujaji kutoka Pemba kwenda Unguja, na huko ndege. Watoto wake wa Maskati ndio waliomlipia. Na mtu hendi hija ila kwanza azunguke kwa aliokula nao, aliocheka nao na aliogombana nao, awaage na awaombe radhi. Mola husamehe yake. Ya mja yanamngoja mja mwenyewe. Hilo Shehe aliwaambia mahujaji mara tatu, na mara ya tatu alimtazama Nabhan.

Akaanzia nyumbani. Mkewe, Bi Thuraiya, alilia mpaka shungi likakamulika. Nabhan akamwangalia kama mtu aliyejibanza barazani anangoja mvua ipite. Akaenda kwa majirani, akaenda kwa wakwe, akavuka mpaka kisiwa cha Makoongwe kwa mzee mmoja ambaye yeye Nabhan alimwibia kete ya bao miaka khamsini nyuma. Yule mzee akamshika mkono kwa nguvu, akasema, "Nimekusamehe ndugu yangu. Weye nani?"

Kila mahali watu wanatokwa machozi, yeye hatokwi na kitu. Mwenyewe akisema ni zile sindano za safari, walimdunga begani ganzi ikashuka moyoni na haikupata njia ya kutokea. Usiku analala vizuri. Chakula anakula. Ukimuuliza ana furaha ya kwenda Makka, anajibu, "Alhamdulillahi," vile vile anavyojibu ukimuuliza habari ya mguu wake.

Vikabaki vilabu.

"Mwenda Makka unaanzia kilabuni?" Bi Thuraiya alimkamata mlangoni.

"Sianzii, namalizia. Ndiko waliko watu."

"Basi vua hiyo kofia!"

"Nikivua, watanijuaje?"

"Zamani ulikwenda bila kofia na walikujua mpaka mbwa wao!"

Nayo kweli. Nabhan wa zamani alikunywa mpaka mbu akimuuma hawezi tena kuruka, anatambaa ukutani anaimba. Alikuwa na punda wa kubebea karafuu, na yule punda alizijua njia za vilabu kuliko mwenyewe. Kila penye kilabu husimama mwenyewe, hahitaji kuambiwa, na hasogei mpaka upite muda wa chupa mbili. Nabhan alipotubu, ilibidi punda auzwe Kiuyu, maana yeye hakutubu.

Basi akaenda. Kilabu cha kwanza, kwenye kantini nyuma ya nyumba za askari, alikuta vijana watupu kutoka bara, hata ndevu hazijawakolea. Akawasomea maneno yake. Wakasimama wote kwa heshima, wakampa soda. "Tumekusamehe, baba," mmoja akasema, "hata yale ya kabla hatujazaliwa." Akanywa soda nusu, akatoka.

Cha pili, Machomane, hakipo. Pale pana fundi cherahani. Nabhan akaona kheri asirudi bure, akamwomba radhi fundi. Fundi akadhani analalamikia kanzu iliyoharibika, akaapa hakuishona yeye.

Cha tatu ndicho hiki cha Conchesta, nyuma ya Gombani, ukuta wa matofali na paa la bati na pazia la maua mlangoni. Nabhan alikijua siku zote. Alikiacha cha mwisho makusudi.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Miaka ishirini na miwili iliyopita, siku aliyotubu, watu wa mtaani walimzunguka msikitini wakamuuliza: nani aliyekutia katika balaa hili, mtoto wa watu wewe? Na kwao Nabhan walikuwa watu wa jina kweli. Babu yake alikuwa na mikarafuu ukiihesabu ramadhani inakwisha hujafika katikati. Akaona haya kusema nimejitia mwenyewe. Akafungua mdomo likamtoka jina moja: Mwalimu Paskali.

Paskali alikuwa jirani yake, mtu wa bara, mwalimu wa hisabati, mume wa Conchesta. Alikunywa chupa moja kila Jumamosi, na ile chupa akiikamilisha kwa shida. Wiki haikwisha, mwenye nyumba akasema anataka kuitengeneza nyumba yake. Watoto wa twisheni wakaadimika. Paskali akahamia skuli ya Kengeja, na huko maneno yalikwisha kutangulia kwa gari ya abiria.

"Unavikumbuka vitumbua vyangu?" Conchesta aliuliza. Hakupaza tena sauti.

"Navikumbuka."

"Ulivila?"

"Nilivila sana."

"Wewe na mtaa mzima. Halafu siku moja sinia likarudi kama lilivyotoka. Siku ya pili vile vile. Siku kumi na moja, mzee! Mkono wa watu wa pombe hauliwi. Na mimi hata ladha yake nilikuwa siijui, kwetu Bukoba mama yangu alikuwa mtu wa kanisa. Nikasema sawa. Jina wameshanipa, acha nile kwa jina hilo." Akaonyesha kreti zilizopangwa mpaka darini. "Hiki kilabu umenifungulia wewe. Basi taja."

Jaribu akasahau chupa yake, ikamdondoka chini, ikabiringika mpaka kwenye mguu mtupu wa Nabhan. Hakuna aliyeiokota.

"Nilianza kunywa," Nabhan alisema, "Paskali hajavuka bahari. Hajui hata Pemba iko wapi. Mimi ndiye niliyempeleka yeye kilabuni mara ya kwanza, alikuwa mgeni, ananifuata. Msikitini nikasema yeye ndiye aliyenipeleka. Nilimsingizia. Watu wakaniamini kwa sababu mimi wa hapa, yeye wa bara."

Akangoja. Alidhani likitoka hilo kitu kitamshuka, au kitampanda. Akasikia feni inazunguka. Akasikia bega linamuwasha pale pa sindano.

"Yakhe mzee," Jaribu alisema taratibu, "na miaka yote hii unatukataza sisi kwa kutumia hadithi hiyo hiyo?"

"Hiyo hiyo."

"Lahaula!"

Conchesta alikuwa anakunja kitambaa chake, anakikunjua, anakikunja. "La vitumbua ni langu," alisema. "Hilo nimekupa, chukua, nenda nalo. La jina la Paskali si langu. Hilo la mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Yupo."

"Nasafiri Alhamisi, Bi Conchesta."

"Najua, mji mzima wa Chake unajua. Sasa mimi nikuulize. Akikataa? Akasema, sikusamehe, nenda na mzigo wako. Utapanda ndege?"

Wanywaji wote wakamgeukia. Nabhan alilitafuta jibu moyoni mwake kama mtu anayepapasa chini ya kitanda gizani, na mkono ukirudi mtupu anaupeleka tena.

"Nikisema kweli..."

Pazia la maua likafunguliwa. Akaingia mzee mwembamba wa miwani, kabeba mkungu wa ndizi begani, umemfunika nusu ya uso.

"Jamani, nani kavua viatu hapo nje?" Mwalimu Paskali aliuliza, anautua mkungu. "Humu kilabuni, si msikitini!"