Safari ya Kuliombea Gobore Langu Cheti, Kutoka Moshi Hadi Meru

Nilitoka kwangu Moshi kwa sababu ya karatasi. Mimi kazi yangu ni kupiga ndege. Kila mwaka ulezi unapoanza kuiva huko mlima Meru, rafiki yangu Baba Anaeli huniletea habari, nami hufunga mzigo nikaenda na gobore langu kuwapiga kwelea na mnana wanaokula shamba lake. Boma la Arusha lilikuwa limenipa cheti kinachosema nina ruhusa ya kupiga ndege waharibifu. Maneno yenyewe ni hayo tu, na kwa hayo nilikuwa bwana. Mwaka huo ikaja habari kwamba vyeti vyote vya zamani havina nguvu tena, na kila mwenye bunduki afike bomani yeye mwenyewe na silaha yake akaelezwe sheria mpya.

Mke wangu alikuwa akinifungia chakula cha njiani. Akasema, "Wakikunyang'anya hilo gobore, nani atakuita Fundi tena?"

Alisema kwa utani, lakini neno lilinichoma. Kule Meru mimi si ndugu wa mtu wala si mkwe wa mtu. Nilifika mara ya kwanza kwa ajili ya bunduki, nikapewa kigoda na jina la Fundi kwa ajili ya bunduki, na sikuwa na hakika kama mtu mtupu, asiye na bunduki, angefunguliwa mlango ule.

Siku ya kwanza niliondoka alfajiri, nikavuka mto Weruweru na jua linachomoza. Maji yalikuwa ya baridi mpaka meno yakagongana. Nililala Kikafu pamoja na wapagazi waliokuwa wakipeleka chumvi Arusha, watu wachangamfu sana, ambao waliniomba niwahadithie nilivyoua kwelea mia kwa mlio mmoja. Sijawahi kuua mia kwa mlio mmoja. Niliwahadithia hata hivyo, na kila kijiji kwelea walizidi kidogo.

Siku ya pili ni mbuga ya Sanya, na mbuga ile haina huruma: miiba, vumbi, jua, na mahali pa kupumzika hakuna. Furaha yake ni moja. Ukigeuka nyuma unauona Kibo na theluji yake, ukitazama mbele Meru umekaa mweusi na mkali, nawe unatembea katikati kama mgeni aliyealikwa na wakubwa wawili. Saa tisa kundi la kwelea lilitupita juu likielekea magharibi. Lilichukua muda mrefu kwisha. Wapagazi walishangilia, mimi nikahesabu siku, kwa maana nilijua wanakwenda wapi.

Siku ya tatu tulifika Maji ya Chai, kijito chenye rangi kama jina lake, tukanywa, tukaoga, tukapita Usa kwenye mashamba ya ngano ya Wazungu. Nililala Tengeru. Kutoka pale njia ya kwa Baba Anaeli inapanda mlimani, nami niliiona vizuri, lakini amri ilikuwa boma kwanza.

Siku ya nne, asubuhi, Arusha. Mji wenyewe ni mdogo, lakini siku ya soko hujaa. Wanawake wa Kiarusha walikuwa wamekuja na maziwa katika vibuyu, shingo na mikono vimezungushiwa nyaya za shaba, wakicheka kwa sauti. Mbele ya boma, chini ya ukuta mweupe, nilikuta wapiga ndege na wawindaji kama ishirini wamechuchumaa na magobore yao. Aliyenikaribisha ni Juma wa Ngarenaro, mpiga kanga, mtu ninayemjua siku nyingi.

"Umekuja kuzika cheti chako?" akaniuliza.

Karani akatoka, akasimama ngazini, akasoma. Zamani tulipewa ndege wote waharibifu kwa pamoja. Sasa wale wanaoruhusiwa wametajwa mmoja mmoja, kwelea akiwa wa kwanza, na asiyetajwa haguswi.

"Kunguru yumo?" akauliza mtu.

"Kunguru hayumo."

"Na kanga?" akauliza Juma.

"Kanga si mharibifu. Kanga ni nyama ya porini, na nyama ina cheti chake."

"Alipokuwa anafukua mahindi yangu jana hakusema kuwa ni nyama," akasema mzee mmoja wa Kiarusha, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni aligeuza uso.

Lakini jambo la pili halikutuchekesha. Bunduki zote zitawekwa bomani. Atakaye yake amlete mwenye shamba, naye aseme mbele ya karani kwamba ameamia shamba siku saba, akiwafukuza ndege kwa njia nyingine, kwa kelele na kwa mawe, akashindwa. Hapo ndipo cheti kitatolewa, kwa shamba hilo na msimu huo tu.

Juma alisimama. "Bwana karani, siku saba! Kwelea wanamaliza shamba siku tatu. Nikija na cheti nitapiga nini, mabua?"

"Mimi nasoma tu," karani akajibu, na kwa kweli uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma tu.

Nililikabidhi gobore langu. Wakalifunga kibao chenye namba, wakaliingiza ghalani pamoja na mengine. Nilitoka pale nikiwa na marisau, vile vidonge vya risasi, mkobani na sina cha kuyatilia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa haujui uende wapi.

Siku ya tano nilipanda mlimani. Njia inapita chini ya migomba, mifereji ya maji inaimba kila upande, na hewa inanukia udongo uliolowa. Baba Anaeli alinikuta mferejini akanikumbatia, kisha akatazama bega langu.

"Liko wapi?"

Nikamweleza. Baba Anaeli ni Mkristo mpya, amebatizwa misheni, na kila neno hulipima kabla ya kulitoa. Akafikiri, akasema, "Basi tuamie siku saba. Tukishindwa nitakwenda nikaseme tumeshindwa."

Jioni walinipa kuku nimchinje mwenyewe, kama wanavyofanya kila mwaka ili mimi Mwislamu nile kwa raha. Nilikula, lakini kimoyomoyo niliwaombea kwelea wafike mapema na kwa wingi, ili tushindwe. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mama yake Baba Anaeli, ambaye sote tunamwita Bibi, ndiye aliyeshika amri. Ni mwanamke mfupi, sauti yake inafika bonde la pili. Asubuhi alitutuma kuchana magamba ya migomba na kusokota kamba, nyingi mno. Akasimamisha madungu mawili, majukwaa ya miti ya kukalia waangalizi, moja juu na moja chini ya shamba, na kutoka kila dungu kamba zikatandazwa juu ya ulezi kama nyuzi za buibui, zimefungwa vibuyu vyenye kokoto. Ukivuta kamba moja, shamba zima linapiga kelele. Majirani wanawake wakaja na makombeo na nyimbo zao. Mimi nikawekwa dungu la chini.

"Bibi," nikamwuliza, "mbona miaka yote sikuziona kamba hizi?"

"Ulikuja na bunduki," akajibu, akaendelea kufunga.

Kwelea walifika siku iliyofuata, saa moja asubuhi. Nawaambia, nimewapiga ndege tangu ujana wangu na sijawahi kufurahi namna ile. Wingu likashuka, Bibi akapiga yowe, nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote, vibuyu vikalia, wanawake wakaimba na kutupa mawe, na wingu likapanda juu bila kugusa suke. Likazunguka, likajaribu upande wa pili, likakutana na dungu la juu. Ilipofika adhuhuri sauti yangu ilikuwa imekauka na nilikuwa nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilijifunza wimbo wao mmoja wa Kimeru, wakanicheka matamshi, wakaniomba niurudie.

Siku ya tatu ya kuamia nilitambua jambo. Zamani nikipiga, ndege wengi huanguka, na watu wa nyumba nzima hukimbilia katikati ya shamba kuwaokota wakawachome. Ulezi unaokanyagwa katika mbio zile ni mwingi kuliko unaoliwa. Sasa hapakuwa na cha kuokota, na mabua yote yalikuwa wima. Nilikuwa nimeyaangalia mashamba yaliyokanyagwa miaka yote hiyo na kusema, tazameni kwelea walivyoharibu.

Siku ya saba kundi lilikata tamaa, likaondoka likashuka tambarare. Ulezi ulikuwa mzima.

Kesho yake mimi na Baba Anaeli tukateremka Arusha. Njia nzima sikumwuliza atasema nini, kwa maana nilijua. Karani akafungua daftari lake.

"Umeamia siku saba?"

"Nimeamia."

"Umeshindwa?"

Baba Anaeli akanitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba radhi. "Hapana, bwana. Tumeshinda."

"Basi hakuna cheti. Mwingine!"

Nje ya boma Juma alinivuta kando. Yeye tayari alikuwa na bunduki yake. "Usiwe mjinga," akaninong'oneza. "Yupo mtu wa Elerai, shamba lake halijaguswa na ndege hata mmoja, lakini anajua kulia mbele ya karani. Njoo naye kesho, utaondoka na gobore lako."

Nakiri kwamba nilitamani. Ghala lilikuwa hatua chache tu, na ndani yake lilikuwa limelala jina langu. Ng'ambo ya njia Baba Anaeli alikuwa amekaa juu ya jiwe ananisubiri, kofia mkononi, mtu aliyetembea kutwa nzima kuja kusema kweli iliyomuumiza rafiki yake. Ningerudi na bunduki ya uongo nikakae kwenye kigoda chake?

"Nina ulezi wa kuvuna," nikamwambia Juma, nikavuka njia.

Tulivuna siku nne. Ghala la Baba Anaeli lilijaa mpaka tukaegemeza mlango kwa gogo. Watu walikula, wakaimba, nami niliimba nao, lakini kila nilipokuwa peke yangu wasiwasi ulirudi. Walikuwa wamekwisha kuona kwamba bunduki haihitajiki, kwa hiyo mwenye bunduki anahitajika kwa nini? Asubuhi ya kuondoka nilijikaza nikaenda kumuaga Bibi aliyekuwa anapepeta ulezi uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa muda wote huo bunduki ilikuwa inawaharibia shamba. Kwa nini hukuniambia?"

"Mgeni anakuja na zawadi yake, umwambie mbaya?" Akaendelea kupepeta.

"Na kwa nini mliniita kila mwaka?"

Hapo akauweka ungo chini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomozea wapi. "Tulikuwa tunakuita wewe," akasema. "Bunduki ulikuja nayo mwenyewe. Mwakani uwahi, kamba za dungu la chini zinasokotwa siku nyingi."

Niliinama nikamshika mikono, machozi yakanitoka, naye akanifukuza, akasema ninamlowesha ulezi.

Nilirudi kwa njia ile ile, Usa, Maji ya Chai, Sanya, Kikafu, na mbuga safari hii niliiona fupi. Nilichojifunza nakiandika bila kukipamba: kwa miaka mingi nilidhani napokewa kwa ajili ya kitu nilichobeba begani, na kwa dhana hiyo niliwakosea heshima watu walionipenda. Wapiga ndege wenzangu wa Moshi walikusanyika kwangu jioni ile ile niliyofika kusikia habari za sheria. Niliwasimulia yote, ya kunguru, ya kanga na ya siku saba, wakasikitika sana kwa ajili yangu.

"Sasa mwakani, bila bunduki," wakaniuliza, "utakwenda Meru kufanya nini?"

Nikawaambia, "Nimealikwa."